Mwenyeji Aulizwe Kabla ya Bajeti

Safari ya wikiendi hupangika kwa urahisi ofisini. Hapa Majengo, Manispaa ya Songea, tulikaa baada ya saa za kazi, tukachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, michango ikaandikwa daftarini: nauli ya Coaster, mchele, mkaa, mahema ya kukodi. Ratiba ikatumwa kwenye kundi la WhatsApp: Ijumaa jioni Mbamba Bay, Jumapili mchana kurudi. Kila kifungu kilikuwa na fedha yake.

Barabara siku hizi si kikwazo. Kipande cha Mbinga hadi Mbamba Bay, kilometa 66 za milima na kona, kina lami. Mtihani ulianza tuliposhuka ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Vigingi vya mahema vilikuwa vyembamba, vya kushika udongo mgumu. Kwenye mchanga mkavu vilizama vyema, lakini upepo wa kusini ulipovuta kamba, viling'oka vyote.

Mzee mmoja aliyekuwa akianua dagaa alisogea. Tulimwamkia, akaitikia, akasema, "Wanangu, hapa kigingi hakishiki. Leteni viroba." Tukamimina mchele kwenye masufuria, tukajaza viroba mchanga, tukavifunga kamba kiunoni na kuvifukia kina cha mkono mzima. Mahema yakasimama mpaka asubuhi.

Kiroba kitupu hakikuwa na kifungu kwenye bajeti, na hakuna mjumbe wa kamati ambaye angeweza kukifikiria akiwa Majengo. Maarifa hayo yalikuwa kwa mtu anayelala na upepo ule kila siku.

Mkoa wetu wa Ruvuma una ushahidi mkubwa zaidi wa jambo hili. Mwaka 1960 vijana wa TANU walikwenda Litowa, wilayani Songea, kuanzisha kijiji cha kuishi na kulima pamoja. Jaribio la kwanza lilikwama kwa kukosa chakula. Wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walirudi mwaka uliofuata wakiwa wamejipanga upya, safari hii kijiji kikashika. Kutokana na Litowa kilikua Chama cha Maendeleo cha Ruvuma, kilichounganisha vijiji zaidi ya kumi na kumiliki mashine ya kusaga nafaka mjini Songea. Nini kilimwe na nani afanye nini, wanakijiji waliamua wenyewe mkutanoni. Mwalimu Nyerere alivutiwa na kazi yao.

Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho. Novemba 1973 likatoka agizo kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wakulima wote nchini wawe wanaishi vijijini. Mamilioni walihamishwa, na wako walioshushwa mahali pasipo na maji wala ardhi ya kutosha. Kwa hesabu ya vijiji lengo lilionekana kufikiwa. Mavuno na moyo wa kujitolea havikufuata, kwa sababu anayeijua ardhi hakuwa ameulizwa.

Litowa ilipokosea, waliolala na njaa ndio waliorekebisha mpango. Mpango unaotoka juu hauna njia hiyo ya kujirekebisha: anayeumia hana kalamu, na mwenye kalamu hasikii maumivu.

Nawaomba wanaopanga, iwe safari ya wafanyakazi au kisima cha kijiji, wampigie simu mwenyeji kabla ya kuandika shilingi ya kwanza. Mbele ya kila kazi liandikwe jina la mtu mmoja atakayeifanya. Litengwe fungu la dharura, na mkirudi mkae tena mseme wazi kilichokwama. Halmashauri nazo zimuulize mama anayeteka maji kisima kichimbwe wapi, kabla mhandisi hajachora ramani. Simu hiyo ni gharama ndogo kuliko zote katika mradi, nayo ndiyo inayorukwa mara nyingi zaidi. Tuipige kwanza.