Kipeo Nusu na Mwendo wa Sayari

Mwanafunzi anayeambiwa kwamba 5³ maana yake ni 5 × 5 × 5 haoni taabu yoyote. Akiambiwa baadaye kuwa ipo pia 5 yenye kipeo nusu, ana haki ya kushangaa, kwani hakuna awezaye kuiandika namba 5 mara nusu na kuizidisha. Inasikitisha kwamba mshangao huo mara nyingi haupewi nafasi: kanuni huandikwa ubaoni, hukaririwa, na mazoezi huanza.

Jibu halimo katika maana ya awali ya kipeo, bali katika sheria yake. Namba moja yenye vipeo mbalimbali inapozidishwa, vipeo hujumlishwa: 5² × 5³ = 5⁵. Wanahisabati waliamua kuilinda sheria hiyo hata pale ambapo maana ya awali haifiki. Ikiwa sheria itadumu, basi 5¹ᐟ² × 5¹ᐟ² haina budi kuwa 5¹, yaani 5. Namba chanya ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 5 yajulikana tangu zamani: ni kipeuo cha pili cha 5. Vivyo hivyo kwa sehemu nyingine: asili, yaani namba ya chini, hutaja kipeuo; kiasi, yaani namba ya juu, hutaja kipeo cha kawaida. Hivyo 8²ᐟ³ ni kipeuo cha tatu cha 8, ambacho ni 2, kikipewa kipeo cha pili: 4. Anayeanza na mraba wa 8 atapata 64 kwanza, kisha naye atafika kwenye 4, ila amejitwisha mzigo usio wa lazima.

Wazo hili lilichukua muda mrefu kukomaa. Nicole Oresme, msomi wa Ufaransa wa karne ya 14, alikwisha kulichunguza katika maandishi yake kuhusu uwiano. Mwandiko wa leo wa vipeo ulienezwa na René Descartes mwaka 1637, lakini kwa namba nzima tu. Ni Isaac Newton aliyeandika vipeo vya sehemu, na vya hasi pia, katika barua ya 1676 iliyokusudiwa kumfikia Leibniz.

Manufaa yake yaonekana wazi angani. Mwaka 1619 Johannes Kepler alitangaza kwamba mraba wa muda ambao sayari hutumia kulizunguka jua huwiana na mchemraba wa umbali wake wa wastani kutoka jua. Muda T ukipimwa kwa miaka, na umbali a ukipimwa kwa kipimo cha umbali wa dunia kutoka jua, T² = a³, yaani T = a³ᐟ². Mshtarii uko umbali wa 5.2. Kipeuo cha pili cha 5.2 ni karibu 2.28, mara 5.2, ni miaka 11.86.

Sasa itafutwe kasi. Urefu wa njia ya sayari huwiana na a, na muda ni a³ᐟ². Kwa hiyo kasi huwiana na a ÷ a³ᐟ². Vipeo vikitolewa, 1 − 3/2 = −1/2, na mtajo wote hubaki a⁻¹ᐟ², yaani 1 kugawanya kwa kipeuo cha pili cha a. Sayari iliyo mbali mara 4 huenda kwa nusu ya kasi. Dunia hukimbia karibu kilometa 30 kwa sekunde; zikigawanywa kwa 2.28, Mshtarii hupata karibu 13, na ndivyo ilivyo. Darubini haikuhitajika hapa, ila kutoa sehemu tu.

Lakini sheria hizi zina mpaka, nao hurukwa mno madarasani. Vitabu husema "x ikiwa chanya", na maneno hayo si pambo. Tuseme x ni −3. Mraba wake ni 9, na kipeuo cha pili cha 9 ni 3, si −3; basi kuandika (x²)¹ᐟ² = x ni kosa. Mfano mkali zaidi ni −8. Kipeuo chake cha tatu ni −2. Sehemu 1/3 ni sawa na 2/6. Hata hivyo mraba wa −8 ni 64, na kipeuo cha sita cha 64 ni 2. Kipeo ni kile kile, majibu ni mawili. Mwalimu atakayeiandika −8 ubaoni kabla ya kanuni, na kuwaacha wanafunzi wabishane, hatakuwa amepoteza kipindi.