Kodi tunalipa, lakini nani anahesabu?

Wandugu na wadada, kila tukikutana tunaulizanaka: kodi yetu inaendaka wapi? Swali ni la haki, lakini ni nusu ya swali. Nusu ingine ni hii: kodi iliyoingia ni ngapi?

Mwaka 2019 nilikuwa nimetoka kumaliza lisansi ya kilimo, kazi hakuna. Mama mdogo akanipeleka kwenye mkutano wa bajeti shirikishi katika sheferi yetu, hapa Kivu ya Kusini. Bajeti shirikishi maana yake wenyeji wanakaa pamoja na viongozi, wanachagua kazi gani itangulie, na sehemu ya pesa ya mwaka inawekwa juu ya kazi hizo. Mambo haya yalianza Porto Alegre, Brazili, mwaka 1989. Kwetu Kivu ya Kusini yalifika karibu mwaka 2010 kwa usaidizi wa Benki ya Dunia, katika komine kama Ibanda, Kadutu na Bagira na katika sheferi kadhaa. Hata ujumbe wa simu ulitumika kuita watu.

Siku ile nilisimama nikasema vizuri sana. Niliomba miti ya mihogo yenye kuvumilia ugonjwa wa mozaiki. Wakanipigia makofi. Kisha mama moja wa soko akanyoosha mkono: "Papa muhasibu, katika kitabu chako sisi wauzaji tuko wangapi?"

Muhasibu akasoma namba ya pesa ya soko kwa mwaka mzima. Wamama wakaangaliana. Mama akafungua kitambaa chake, akatoa jetoni za malipo zilizokunjwa. "Zote hizi ni zangu mimi mmoja. Mutuhesabu."

Mimi mwenye diploma nilikuwa nimeomba matumizi bila kujua mapato. Yeye alianzia pale hesabu inaanziaka.

Tufanye mfano, kila mutu aweze kurudilia kwao. Soko iko na wauzaji 200. Kila mmoja analipa franka 500 siku ya soko, na soko iko mara mbili kwa juma. Hiyo ni franka 200.000 kwa juma, na kwa majuma 52 ni 10.400.000. Wengine watakosa, mvua itanyesha, tupunguze hata robo: inabaki 7.800.000. Kama bajeti imeandika milioni 2, hatujasema kwamba mutu ameiba. Tunasema tu: mutuelezee tofauti. Hesabu hii haiombi ordinatere, inaomba kalamu na wamama wenye kutunza jetoni.

Sasa tujue pia nani wa kuulizwa. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inataja vikao vinne vyenye bajeti yao wenyewe: mji, komine, sekta na sheferi. Teritware haiko ndani. Njo maana wengi wanaendaka kulalamika kwa administratere wa teritware juu ya mfereji wa soko, wanarudi bure.

Pesa ya vikao hivi inatoka upande mbili kubwa. Kwanza kodi za hapa hapa, kama za soko. Pili, sehemu inayoshuka kutoka juu: Katiba inaachia jimbo asilimia 40 ya mapato ya taifa, na sheria ya 2008 inasema asilimia 40 ya sehemu ile ya jimbo iende kwa vikao hivi. Kwa karatasi ni vizuri, lakini mara nyingi haifikaka yote. Kwa hiyo bajeti yenye kutegemea sana pesa ya juu inaweza kuwa na ahadi nyingi na kazi kidogo. Namba ya kodi za hapa hapa ndiyo tunaweza kuhakikisha sisi wenyewe kwa macho yetu.

Kuna sababu ingine ya kutoachia viongozi peke yao. Madiwani wa komine walichaguliwa Desemba 2023, tena katika sehemu ya komine tu. Kule hakuna diwani aliyechaguliwa, mkutano wa wenyeji njo mahali pa kuuliza.

Mkutano wetu uliishaje? Namba ya soko ilipandishwa, na mfereji wa soko ukaingia katika bajeti. Mihogo yangu ilibaki nje, na walikuwa na haki: maji ya mvua yalikuwa yanaozesha mboga chini. Mfereji ulichimbwa nusu. Halafu hakuna mutu aliyerudi kueleza nusu ingine. Mwaka uliofuata, wamama wengi walianza kujificha mlipishaji akipita. Hawakukataa kodi, walikataa kulipa bila kujibiwa. Na sisi vijana tuliosoma tulikuwa wapi? Mimi nilikuwa nimeshaenda mjini kutafuta kazi. Hilo linaniuma mpaka leo, kwa sababu kufuatilia nusu ile hakukuomba zaidi ya safari mbili kwenye ofisi.

Basi tukikutana tena, kila mmoja akuje na namba mbili za kwao: pesa ya soko iliyoandikwa katika bajeti, na ile aliyohesabu yeye pamoja na wauzaji. Tutaziweka mezani, tuone.