Kiungulia cha Usiku: Jinsi Unavyolala Inaweza Kukusaidia

Unakula chakula cha jioni saa nne usiku, kisha kwa uchovu na joto unajinyoosha kwenye mkeka nje ya nyumba. Usiku wa manane unaamka kifua kinawaka na maji machungu yamekupanda kooni. Hicho ni kiungulia, au laabjeex kwa Kisomali. Wengi hukimbilia dawa, lakini kubadili namna ya kulala kunaweza kukupunguzia tatizo hili bila gharama.

Kinachotokea mwilini

Chakula hupita kwenye umio, mrija unaotoka kooni hadi tumboni. Mwisho wake kuna msuli unaofunga ili asidi ya tumbo isirudi juu. Msuli huo ukilegea, asidi hupanda na kuunguza umio. Mchana tukiwa wima, asidi hushuka upesi na mate tunayomeza huiosha. Tukilala bapa haishuki kwa urahisi, na usingizini tunameza mate kidogo sana.

Kwa nini ubavu wa kushoto

Sehemu kubwa ya tumbo la chakula iko kushoto. Ukilalia ubavu huo, asidi hukaa chini ya mlango wa umio. Ukilalia wa kulia, mlango huwa chini na asidi huwa juu yake. Utafiti uliofanywa Amsterdam, Uholanzi, na kuchapishwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba asidi iliyopanda huondoka haraka zaidi mtu akilalia kushoto kuliko akilala chali au kulia.

Wengi wetu tumezoea kulalia ubavu wa kulia kwa kufuata sunna. Asiyesumbuliwa na kiungulia hana haja ya kubadili chochote. Anayesumbuliwa anaweza kuanza kwa kuinua kichwa, hatua inayosaidia hata asipobadili ubavu.

Namna ya kuinua kichwa

Weka matofali au vipande imara vya mbao chini ya miguu ya kitanda, upande wa kichwani, kwa kimo cha sentimita 15 hadi 20. Ukilala chini, kunja blanketi uziweke chini ya godoro kuanzia kiunoni hadi kichwani, zifanye mteremko. Kurundika mito chini ya kichwa pekee hukunja tumbo na huweza kuongeza kiungulia.

Mambo mengine ya kuzingatia

- Maliza kula angalau saa tatu kabla ya kulala. Wakati wa Ramadhani, kula daku kwa kiasi, na ukilala baada ya swala ya Alfajiri, inua kichwa.
- Punguza vyakula vya mafuta mengi, chai kali, kahawa na soda nyakati za usiku, hasa kwa wanaokaa macho wakitafuna miraa.
- Mama mjamzito hupata kiungulia mara nyingi. Kulalia kushoto ni salama kwake na kwa mtoto.
- Mtoto mchanga alazwe chali, mahali bapa, bila mto, hata kama hucheua. Ushauri wa kulalia ubavu haumhusu.

Usingoje nyumbani

Fika kituo cha afya kilicho karibu ikiwa chakula kinakwama unapomeza, unapungua uzito bila sababu, au unahitaji dawa ya kiungulia kwa zaidi ya wiki mbili. Saratani ya umio ni miongoni mwa saratani zinazowapata Wakenya wengi, na ugumu wa kumeza ni dalili yake kuu. Ikigunduliwa mapema, nafasi ya kutibiwa ni kubwa zaidi.

Ukitapika damu au ukipata choo cheusi kama lami, nenda hospitali mara moja. Vilevile, maumivu ya kifua yanayosambaa hadi mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho na kukosa pumzi, huenda yakawa ya moyo. Usiyachukulie kuwa kiungulia.