Mchicha wa Debe Wakati wa Kiangazi

Haya, leo tuiache shamba, tuingie nyumbani.

Huku Dodoma na Singida mvua zikikatika mwezi wa Aprili au Mei, hatuzitegemei tena mpaka karibu na Desemba. Bustani zinakauka, mbuzi wanamaliza kilichobaki, na chunguni tunabaki na mlenda mkavu. Mlenda ni chakula chetu, siusemi vibaya. Lakini jua kali linalokausha majani huondoa sehemu kubwa ya vitamini A, na mtoto anayeikosa kwa muda mrefu huanza kupapasa giza linapoingia, maana haoni vizuri. Mchicha mbichi unaweza kuupata miezi hiyo hiyo, ukiupanda kwenye debe.

Kwanza uliza debe hilo lilibeba nini. La mafuta ya kula ni zuri. Lililokuwa na dawa ya pamba au dawa ya kuogeshea ng'ombe usilitumie kabisa, hata ukilisugua kwa mchanga mara kumi. La rangi nalo liache.

Lilaze debe, ukate ubavu mmoja wa juu, ukunje kingo zisije zikakata watoto. Toboa matundu chini kwa msumari, tandaza vigae vya chungu kilichovunjika. Bila matundu maji yatatuama na mizizi itaoza. Jaza udongo mweusi wa juu sehemu mbili na samadi sehemu moja. Samadi iliyooza, siyo ya jana. Mbegu ni ndogo mno, kwa hiyo changanya na mchanga mkavu ndipo unyunyize, ufunike kwa udongo kidogo tu. Ikiota kwa kusongamana, ng'oa mingine. Hiyo uliyong'oa nayo ni mboga, usiitupe.

Sasa hapa ndipo wengi tunapokosea. Mama mmoja alinionyesha mchicha wake: mrefu, mweupe, umelala chini kama mgonjwa. Maji alitia, samadi alitia. Debe lilikuwa ndani, karibu na meko, amelificha mbuzi.

“Mama, huu unataka mwanga,” nikamwambia.

“Na mbuzi je, Bwana Shamba?”

Swali la haki kabisa! Jani hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Gizani mche hurefuka kuutafuta, mpaka unachoka. Basi jenga kichanja kirefu barazani, upande unaopata jua la asubuhi, mbuzi asifikie. Kama huna ila dirisha, weka debe hapo hapo dirishani, na ukiona miche inainamia nje, ligeuze. Dirisha lisiloingiza jua halifai, tusidanganyane.

Maji yasikutie hofu. Ya kuoshea mchele na mboga yanatosha, mradi hayana sabuni. Chomeka kidole kwenye udongo: ukiwa mkavu mwagilia, ukiwa mbichi ngoja kesho.

Baada ya wiki tatu au nne utachuma. Kata juu, acha majani machache chini yachipue tena. Debe moja halitoshi nyumba nzima. Anza na manne, usiyapande siku moja, yapishane kwa wiki. Na unapopika tia mafuta kidogo au karanga, kwani bila mafuta mwili hauipokei vizuri ile vitamini A.