Koo la Mtoto na Milango ya Moyo

Ndugu msomaji, weka mkono kifuani. Moyo unapiga. Moyo ni pampu ya damu. Ndani yake kuna milango midogo minne. Mlango ukifunguka, damu hupita. Ukifunga, damu hairudi nyuma. Kwa siku moja hufunguka na kufunga mara 100,000 hivi.

Wapo wanaofikiri ugonjwa wa moyo ni wa wazee tu. Ni kweli wazee wengi huziba mishipa inayolisha moyo. Lakini milango ya moyo huharibika tangu utotoni, na chanzo chake ni koo.

Mtoto hushikwa na vijidudu vya koo. Koo huvimba, na kumeza huwa taabu. Katika vijiji vyetu wengine humpeleka kwa mkata kimeo. Kukata kimeo hakuui vijidudu. Huongeza kidonda tu. Dawa yake ni penisilini, nayo hutolewa na mganga wa zahanati baada ya kumpima mtoto.

Asipotibiwa, baada ya wiki mbili au tatu anaweza kupata homa ya baridi yabisi. Leo goti linauma, kesho kifundo cha mguu, kesho kutwa kiwiko. Maumivu hupona. Milango ya moyo hubaki na makovu. Akiugua tena koo, makovu huongezeka. Miaka hupita. Siku moja kijana anapanda kilima na kuishiwa pumzi. Miguu inavimba. Usiku analala ameketi.

Je, ugonjwa unaweza kuzuiwa kabla ya dalili? Madaktari walichunguza jambo hili Uganda, ng'ambo ya Ziwa Victoria, katika eneo la Gulu. Utafiti uliitwa Gwoko Adunu pa Lutino. Ni Kiacholi, maana yake kulinda moyo wa mtoto. (Wajaluo wa Rorya huenda wakalitambua neno la moyo hapo. Wao husema adundo.)

Kuanzia mwaka 2018 watoto zaidi ya 100,000 walipigwa picha ya moyo kwa mashine. Mashine hiyo haina maumivu. Watoto 818 wenye dalili za mwanzo kwenye picha waliingizwa katika utafiti. Wengi walikuwa wanacheza kama wenzao. Waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilichomwa sindano ya penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili. Kundi la pili halikuchomwa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2021. Waliochomwa, watoto 3 tu hali ilizidi kuwa mbaya. Wasiochomwa, watoto 33.

Sindano hiyo inauma, tusidanganyane. Na mama huchoka kwenda zahanati kila mwezi na mtoto ambaye haumwi. Lakini linganisha na safari ya upasuaji. Kutoka Mugumu hadi Dar es Salaam ni mwendo mrefu. Upasuaji wa kufungua moyo ulianza Muhimbili mwaka 2008. Kabla ya hapo wagonjwa walipelekwa nje, hasa India. Sasa kazi hiyo hufanywa na Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete. Mwenye kuwekewa mlango wa chuma humeza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote.

Msichana mwenye ugonjwa huu amweleze mkunga mapema anapopata mimba. Mimba huongeza kazi ya moyo, na mlango mbovu unaweza kushindwa wakati huo.