Kuvaa Ngozi ya Mwenzako

Mwanamke mweupe anaingia maabara mjini Barcelona, anavaa nguo inayofuatiliwa na kamera, kisha anavishwa miwani ya uhalisia pepe. Anajitazama: mikono, tumbo na miguu anayoiona ni ya mwanamke mweusi. Mbele yake kuna kioo. Akiinua mkono, yule wa kiooni naye anainua. Akigeuka, anageuka naye. Haupiti muda akili inasalimu amri na kuuhesabu mwili ule kuwa wake.

Jaribio hilo la Tabitha Peck, Mel Slater na wenzao lilichapishwa mwaka 2013. Wanawake wengine walipewa mwili mweupe, wengine wa rangi ya zambarau, na watu wa kidijitali, weupe kwa weusi, wakawa wanawapita. Yote yalichukua kama dakika 12. Kabla na baada ya hapo walipimwa ubaguzi uliojificha: nyuso na maneno, mema na mabaya, hupita kwenye kompyuta, na mtu hubonyeza kitufe kuyapanga. Anayechelewa kuoanisha uso mweusi na neno jema, hata kwa sehemu ya sekunde, amejisema bila kufungua mdomo. Waliovaa mwili mweusi ndio waliopunguza ubaguzi huo zaidi. Jaribio jingine la 2016, ambalo wanawake weupe walifundishwa mazoezi ya taratibu ya tai chi wakiwa ndani ya mwili mweusi, lilionyesha kuwa nafuu hiyo inaweza kudumu wiki nzima.

Si ajabu basi kwamba teknolojia hii ilipata wapambe. Mwaka 2015 mtengeneza filamu Chris Milk, aliyeshiriki kutengeneza filamu ya Umoja wa Mataifa kuhusu msichana wa Syria katika kambi ya wakimbizi ya Zaatari, Jordan, aliinadi teknolojia hiyo jukwaani kama mashine ya kuzalisha huruma.

Lakini Chuo Kikuu cha Stanford kilikuwa kimeshapata jibu tofauti. Katika utafiti uliochapishwa 2009, watu walijiona kiooni wakiwa weusi, kisha wakaingizwa kwenye usaili wa kazi. Walipopimwa, upendeleo wao kwa weupe ulikuwa mkubwa kuliko wa waliovaa mwili mweupe.

Tai chi na usaili wa kazi! Hapo ndipo penye kiini cha mambo. Mwalimu wa tai chi hakuulizi umesoma wapi wala hakukagui kuanzia unyweleni hadi kwenye viatu; msaili ndiyo kazi yake. Mwaka 2020 kundi la Slater, likiongozwa na Domna Banakou, lililijaribu hilo waziwazi: mara waliovaa mwili mweusi walikutana na watu wachangamfu, mara wasiojali, mara wenye uhasama. Penye uhasama, nafuu ile haikuonekana, na hata hisia kwamba mwili ule ni wao ililegea. Kwa maneno mengine, mambo yalipoanza kufanana na yale yanayomkuta mtu mweusi mitaani, akili zao ziliutoroka ule mwili. Sisi tuliozaliwa nao hatuna mlango huo.

Kwa hiyo sioni kama miwani hii imemwonjesha yeyote ubaguzi. Ilifanya kazi pale ambapo ubaguzi uliwekwa kando, watu wakatulia na mwili mgeni hadi wakauzoea. Hilo nalo si haba, ila ni jambo jingine kabisa na lile linalotangazwa.

Tena, kasi ya kidole kwenye kitufe si sawa na kumwajiri mtu au kumpangisha nyumba. Utafiti mwingine wa Stanford, wa 2018, angalau ulitazama vitendo: washiriki walipitishwa katika maisha ya mtu anayepoteza makazi, baadaye wakaombwa kusaini ombi la kutaka nyumba za bei nafuu. Kati ya waliotumia miwani, asilimia 82 walisaini. Waliosoma tu kisa hicho kwenye maandishi, bila miwani wala kamera, walisaini asilimia 67.