Kuta zimehifadhiwa, je, maneno?

Kila mwaka ninapofundisha mada ya kufa kwa lugha, neno la kwanza ninaloliandika ubaoni ni "wheal". Ni neno la Kikornishi, lugha ya kale ya Cornwall, kusini-magharibi mwa Uingereza. Maana yake ni mahali pa kazi, na ndilo linaloanza majina ya migodi mingi ya huko: Wheal Jane, Wheal Coates, Wheal Prosper. Dolly Pentreath, muuza samaki anayehesabiwa miongoni mwa wasemaji wa mwisho wa lugha hiyo, alifariki mwaka 1777. Lugha ilizikwa, neno likabaki mgodini.

Mgodi mmojawapo ni Levant, uliochimbwa bati na shaba juu ya jabali la pwani. Njia zake zilipenya chini ya sakafu ya Atlantiki kwa zaidi ya kilomita moja, na wachimbaji walisikia mawimbi yakivingirisha mawe juu ya vichwa vyao. Walishuka na kupanda kwa mtambo wa ajabu: mhimili mrefu wenye vibao, uliopanda na kushuka shimoni, nao wakihama kutoka kibao hadi kibao. Tarehe 20 Oktoba 1919 kiungo cha juu kilikatika, mhimili ukaporomoka, watu 31 wakafa. Mgodi ulifungwa mwaka 1930.

Mtambo wa mvuke wa mwaka 1840 ulikuwa karibu kuuzwa kama vyuma chakavu. Wapenda historia wachache wakauokoa. Leo unazungushwa tena kwa mvuke mbele ya wageni. Mwaka 2006 UNESCO iliitangaza mandhari ya migodi ya Cornwall na Devon Magharibi kuwa urithi wa dunia.

Hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, dohani husimulia habari za mwenye mtaji kuliko za mwenye nyundo. Wanawake waliopasua mawe juu ya mgodi hawakuachiwa jengo. Waliachiwa jina tu, "bal maidens", na "bal" ni Kikornishi cha mgodi. Henry Jenner alipochapisha kitabu chake cha kufundishia Kikornishi mwaka 1904, lugha ilianza kufufuliwa kwa maandishi ya kale, majina ya mahali na maneno kama hayo yaliyosalia vinywani mwa wavuja jasho. Waliodharauliwa ndio waliotunza mbegu.

Nasi je? Kakamega kuna mahali paitwapo Rosterman, jina la kampuni iliyochimba dhahabu huko tangu miaka ya 1930. Jina la kampuni tunalo. Maneno ya babu zetu walioingia mashimoni, kwa Kiluhya, Kijaluo na Kiswahili, nani ameyaandika?

Walimu wenzangu, kazi hii haihitaji mtambo wala fedha za wafadhili. Mpeni mwanafunzi daftari, mtumeni kwa mzee aliyewahi kushika sururu, jembe la plau au nyavu, aulize kila kifaa kiliitwaje. Gofu huweza kungoja miaka mia. Mzee hangoji.